Mtu Kumi na Nne

Mwaka ambao jina langu liliingia katika orodha ya watafiti wa mimea wanaotajwa zaidi duniani, nilikuwa nyumbani Amu, ambayo wengi huiita Lamu, kwa likizo, nimeinamia beseni nafua mashuka. Binamu yangu aliyeko ughaibuni ndiye aliyeiona orodha kwanza. Aliitia kwenye kundi la ukoo, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshakuwa "namba moja ulimwenguni". Sikuwa namba moja. Nilikuwa huko mkiani, mahali ambapo ukisogeza orodha kwa kidole unachoka kabla hujanifikia. Lakini nilikuwamo, na sitajifanya mnyenyekevu: nilifurahi mpaka nikasuuza shuka moja mara tatu.

Orodha hizi hazisomi kazi ya mtu. Zinahesabu tu. Kila makala ya kisayansi huwa na ukurasa wa mwisho unaotaja kazi za wengine ambazo mwandishi amezitegemea, na mashine hupita kwenye kurasa hizo ikihesabu nani katajwa mara ngapi. Kuna alama moja tunayoipenda sana sisi wahadhiri. Ukiwa na makala kumi na kila moja imetajwa angalau mara kumi, alama yako ni kumi. Ukiandika ya kumi na moja na ikatajwa mara mbili tu, unabaki na kumi yako. Kujitaja mwenyewe hupunguzwa, maana wapo waliokuwa wakijitaja kama watu wanaojipakulia pilau. Na orodha ile ya mwaka ule iliangalia pia jina lako limekaa wapi. Katika fani yetu jina la kwanza ni la aliyefanya kazi, na la mwisho huchukuliwa kuwa la mkubwa wa kazi, mwenye maabara na mwenye fikra.

Hapo ndipo bahati yangu ilipotokea. Makala yangu iliyotajwa kuliko zote ilihusu mikoko ya kwetu, na tuliiandika wawili, mwalimu wangu na mimi, nilipokuwa bado mwanafunzi wake. Jina langu lilikuwa la mwisho kwa sababu nilikuwa mdogo. Mashine ikaniona mkubwa.

Wakati huo faili langu la kuomba uprofesa mshiriki lilikuwa mbele ya kamati ya chuo, huko bara. Nilichapisha ukurasa wa orodha wenye jina langu, nikautuma uongezwe kwenye faili. Kisha baada ya swala ya alasiri nikaenda kumsalimu mjomba.

Mjomba wangu ni mkata mikoko, kama alivyokuwa babu. Ndiye aliyenipeleka msituni kwa utafiti ule, kwa mashua yake, siku tisa mfululizo, na hakunidai hata kikombe cha chai. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba ndani ya daka la mlangoni, anakwangua mpini wa shoka kwa kipande cha chupa.

"Bi Profesa," alisema. "Nasikia mui wote wakutaya."

"Bado sijawa profesa, mjomba, hata mji wote ukinitaja."

"Na hao wakutayao, wakutaya kwa ni?"

Nikamweleza: watu wa Brazili, wa India, wa Australia, wanaandika juu ya mikoko yao na wanaitaja kazi yetu. Akasikiliza. Akauliza kazi ipi. Nikamwambia ile tuliyoifanya mimi na yeye msituni. Akaweka mpini chini.

"Nisomea."

Miaka yote ile sikuwahi kumsomea. Ilikuwa kwa Kiingereza, na nilijiambia kwamba haina ladha kwa asiyekuwa wa kazi hii. Nikaifungua kwenye simu, nikaanza kuitafsiri mstari kwa mstari. Jina la hori, ule mkono wa bahari ulio nyuma ya kisiwa cha Manda. Urefu wa kamba tuliyoitandika kutoka majini mpaka nchi kavu. Mkoko kadhaa, mkandaa kadhaa, kila aina ya mti na idadi yake, visiki kadhaa. Mjomba alitikisa kichwa kukubali kila kitu, ametabasamu, anaiona siku ile. Kisha nikafika kwenye jedwali.

"Katika hori hili," nikasoma, "siku moja ya uchunguzi, walikutwa watu kumi na wanne wakikata."

Tabasamu likafutika. "Umesoma vyema?"

Nikarudia.

"Watu kumi na wane," alisema mjomba. "Mbona mimi sikuwaona kwa mato yangu? Siku ile twalikuwa mimi nawe. Ulikuwa na homa, ukatapika mashuani."

Nilikumbuka homa. Sikukumbuka watu. Nikarudi juu, nikashuka chini, na nikafika mahali makala inaposema kwamba mchu, mti ambao hupatikana kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki, haukuonekana hata mmoja katika mahori yale, na kwamba huenda umekatwa ukaisha kwa sababu ya wingi wa watu. Hapo ndipo nilipoliona kosa.

Sina budi kueleza, maana mtu asiyekuwa wa kwetu hawezi kuliona kosa hili. Sisi watu wa Amu tunaposema neno ambalo wengine hulitia "ch", mara nyingi sisi hulitia "t". Wao husema nchi, sisi nti. Wao macho, sisi mato. Mti ambao vitabu vinauita mchu, sisi tunauita mtu. Mdomoni hatuuchanganyi na mwanadamu: kwa mti ulimi hugusa meno, kwa mwanadamu ulimi hurudi nyuma kidogo, na mtoto wa miaka mitatu anaijua tofauti. Lakini kwenye karatasi herufi ni ile ile.

Siku zile mjomba alikuwa akitembea mbele kando ya kamba, ameshika miti mmoja mmoja, ananitajia kwa sauti. Mimi nyuma, matope magotini, karatasi kwenye ubao, naandika nilichokisikia. Mkoko. Mkandaa. Mtu. Mtu. Mtu. Mchu humea upande wa nchi kavu, kwa hiyo safu yake niliiweka mwisho kabisa, pembeni mwa karatasi, baada ya safu ya visiki. Juu yake nikaandika kwa mkono wangu: mtu. Na mwalimu wangu, mtu wa bara, mwenye Kiswahili sanifu kizuri kuliko changu, alikuwa ameniagiza kabla sijaondoka kwamba nikikutana na wakataji niwahesabu na kuwaandika pembeni. Sikukutana na mkataji yeyote. Yeye akazichukua karatasi zangu, akaona visiki, akaona pembeni mtu kumi na nne, akatia kwenye kompyuta alichokielewa.

Akaunganisha viwili hivyo. Watu wengi, na mti haupo. Kimoja kikaeleza kingine vizuri kabisa, na ndiyo maana makala ilipendwa. Aliyetaka kuandika kwamba binadamu anamaliza mikoko alikuwa na sentensi moja ya kutaja, na sentensi hiyo ilikuwa yetu.

Rasimu aliniletea kabla ya kuchapishwa. Niliisoma? Nilitafuta jina langu, nikaliona limeandikwa sawasawa, nikalala. Hilo halina wa kulaumiwa ila mimi.

Mjomba nilipomweleza alicheka kwanza. Alicheka mpaka akakohoa. "Mtu," alisema, ulimi kwenye meno, kisha "mtu," ulimi nyuma, akacheka tena. "Na nani akataye mtu? Umepinda wote, hautoi boriti. Ni kuni na mbavu za mashua tu." Halafu akauokota mpini wake, akaukwangua mara mbili, akauweka tena chini.

"Hesabu hiyo naiyuwa," alisema.

Hori lile lilifungwa na watu wa misitu, pasikatwe tena, miaka michache baada ya utafiti wetu. Hilo nililijua, kama ninavyojua kwamba maduka fulani yalihama, sikulitilia maanani. Wakataji waliitwa kwenye mkutano, wakasomewa kijitabu cha mpango wa msitu, na ndani yake mlikuwa na maneno kwamba katika hori moja kwa siku moja hukutwa watu kumi na wanne. Mjomba alisimama siku ile akasema si kweli, hori lile huingia mashua moja, mbili zikizidi. Akajibiwa kwamba hayo ni ya wasomi, yamepimwa. Akakaa. Tangu hapo alikuwa akienda kukata mbali, upande wa kaskazini, safari ya kulala njiani, na magoti yake si ya safari hizo.

"Kumbe ni weye," alisema.

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua pa kushika. Niliona aibu ambayo sikuwa nimewahi kuiona tangu utotoni, na nilimwahidi pale pale kwamba nitaisahihisha.

Asubuhi yake nikampigia mwalimu wangu. Amestaafu sasa, anafuga kuku. Naye alicheka kwanza. Nadhani ni kosa ambalo lazima ulicheke kabla halijakuuma. Kisha akataka kuhakikisha, akaenda kwenye makasha yake, akanitumia picha ya karatasi zangu zenye madoa ya matope. Mtu, kwa mwandiko wangu wa kisichana.

"Mimi haitaniumiza, binti," alisema. "Nina makala nyingine, na nimeshamaliza. Itakuumiza wewe. Ukiandikia jarida leo, makala itaondolewa, na ikiondolewa hesabu yako inaporomoka. Kamati inakaa lini?"

"Mwezi ujao."

"Subiri mwezi ujao."

Ni mtu mwema, na alinishauri kwa wema. Nami nikamtii kwa furaha ambayo sasa inanichukiza. Kamati ikaahirishwa mwezi ule. Ikaahirishwa tena. Kila nilipompigia mjomba kumjulia hali sikuitaja ahadi, na yeye hakuniuliza. Tuliongea juu ya bei ya unga na harusi ya mtoto wa jirani. Nilijifunza wakati huo kwamba ninaweza kuzungumza robo saa nzima na mtu ninayempenda bila kusema neno hata moja la maana.

Kisha akanipigia yeye, jambo asilolifanya mara kwa mara kwa sababu hupenda salio lake likae. Mpango wa msitu ulikuwa umefika mwisho wa muda wake na wanaandika mpya. Wakataji wameitwa watoe maoni, na hori letu limo kwenye mazungumzo.

"Nimewambia ile hesabu ni ya miti," alisema. "Wataka karatasi. Wasema neno langu si karatasi."

"Watapata karatasi," nilisema. Nilikata simu, nikaketi, nikaandika barua kwa wahariri siku ile ile, kabla moyo haujapata nafasi ya kunishauri.

Wahariri walikuwa waungwana na wazito. Waliuliza karatasi za asili, tukatuma picha. Waliuliza ushahidi kwamba neno lile ni jina la mti. Nikatuma kurasa za orodha za majina ya miti. Wakasema orodha moja inaandika mchu, nyingine mutu, hakuna inayoandika kama karatasi yangu. Nikachoka. Nikamwomba mjomba azungumze kwenye simu, ayaseme maneno mawili hayo, la mti na la mwanadamu, polepole, na nikawatumia sauti yake. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Walishukuru. Walisema wameisikiliza wote kwa makini, na masikioni mwao maneno mawili hayo ni neno moja. Nilipomsomea mjomba jibu hilo alisema hao si wa kuhesabu miti.

Mwishowe walimtafuta mtaalamu wa lugha wanaomwamini, naye akathibitisha. Makala haikusahihishwa, iliondolewa, maana ukitoa watu wale na kurudisha miti ile hakuna kinachobaki. Tangu siku ya barua yangu mpaka siku hiyo ulikuwa umepita karibu mwaka.

Kamati ilikaa katikati ya mwaka huo. Niliwaambia mwenyewe, kabla hawajauliza. Mwenyekiti alinisifu kwa uaminifu wangu, mmoja akanikumbusha kwamba mbinu za ukusanyaji data ndizo ninazofundisha, na barua ikasema niombe tena nikishaimarisha idadi ya kutajwa kwangu. Orodha mpya ilipotoka jina langu halikuwamo. Kundi la ukoo lilikuwa kimya, ila shangazi mmoja aliyetuma maua na kuuliza nitarudi lini kwenye chati. Niliumia, sitasema sikuumia. Nilikuwa nimeshajizoeza kuandika cheo kile kwenye karatasi ya pembeni, kuona saini yangu itakavyokaa.

Lakini nilikuwa na ukurasa mmoja wa tangazo la kuondolewa, na huo niliuchapisha nakala tano, nikaja nao Amu mwenyewe. Mjomba alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaupeleka ofisi ya misitu. Afisa aliyempokea, kijana mpole, aliusoma wote mbele yake, akauliza maswali, akampa mkono, akamwambia makala ile haitatajwa tena kwenye mpango mpya. Mjomba alirudi amechangamka. Jioni ile alilitoa shoka, akaanza kunitajia wenzake atakaoingia nao horini, na mkewe akamwambia aanze kwanza kwa kuzoeza magoti.

Mpango mpya ulitoka miezi minane baadaye. Nilikuwa huko huko Amu, na mjomba alikuja nao nyumbani kwetu badala ya kuniita kwake, nikajua kuna jambo. Alikaa. Akafungua mahali palipokunjwa na waliomsomea, akanipa.

"Wametoa ina lako," alisema. "Maneno yako pale pale."

Nikasoma. Hori letu lilikuwa bado limefungwa. Sentensi ilikuwa ile ile, watu kumi na wanne kwa siku moja, ila mwisho wake, palipokuwa majina yetu, sasa palikuwa na jina la mtafiti mwingine wa mbali, na mwaka wa karibuni zaidi. Yule kijana hakudanganya. Aliahidi kututoa, akatutoa, akatafuta makala nyingine inayosema jambo lile lile, akaiweka.

Nikafungua simu nikaitafuta makala hiyo. Ilikuwa kazi kubwa, ya nchi nyingi, imetajwa mara nyingi kuliko yetu ilivyowahi kutajwa. Nikatelemka mpaka sehemu ya pwani yetu, nikaona kumi na nne, nikaenda kwenye ukurasa wa mwisho kuona ameitoa wapi. Ameitoa kwetu. Iliandikwa kabla ya yetu kuondolewa. Nilitafuta na jina la mwandishi katika orodha ya mwaka ule, na lilikuwamo, juu sana ya pale lilipokuwa langu.

Nilimweleza mjomba yote, sikumficha kitu. Alisikiliza huku akiutazama ukurasa asioweza kuusoma.

"Na kumsahihisha huyu, kutatwaa muda gani?"

Nikamwambia sisi tulikuwa na karatasi zetu na kosa letu, na tukataka wenyewe, na bado ilichukua karibu mwaka. Huyu hana karatasi wala kosa. Yeye ametaja tu. Na nyuma yake wapo wengine waliomtaja yeye, sijui ni wangapi. Mpango huu mpya nao ni wa miaka kumi.

Mjomba alihesabu umri wake kimyakimya; niliona midomo ikicheza. Akakichukua kijitabu, akakikunja kikaingia mfuko wa kanzu.

"Basi kule mimi sikati tena," alisema.

Mama akaleta chai. Mjomba akauliza kama ina tangawizi, mama akasema imo, naye akanywa.